Ufa wa ngozi na ufa wa mfupa

Mtu wa kando ya ziwa Tanganyika akitaka kununua chombo kilichokwisha kutumika, mara nyingi neno lake la kwanza ni hili: «Kina nyufa?» Swali ni jema, lakini halitoshi. Chombo cha mbao kilichofanya kazi miaka kadhaa hakikosi ufa, kama vile mikono ya mkulima haikosi sugu. Kwa hiyo yafaa kuongeza swali la pili: «Nyufa zenyewe ni za namna gani?» Maana ziko nyufa zinazokaa juu ya ngozi tu, na ziko nyufa zilizoingia mpaka mfupani. Za ngozi zinachukiza macho, basi. Za mfupa zinaua.

Tumeona watu wakipotea kwa njia mbili. Wengine wanaogopa kila mstari wanaouona katika ubao. Wanakataa chombo kizima chenye bei nafuu, kisha wanakwenda kununua kwa bei kali chombo kibovu kilichopakwa rangi jana. Wengine hawaogopi kitu. Wanasema: «Ufa ni ufa tu, tutatia lami, tutaondoka.» Wa kwanza wanapoteza fedha zao. Wa pili wanaweza kupoteza watu.

Na ziwa letu si la kuchezea. Urefu wake, toka Burundi kaskazini mpaka Zambia kusini, ni kilometa karibu 670, na mahali penye kina kuliko pote panafika meta 1470. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini unapiga ziwa kwa urefu wake, na mawimbi yanapata nafasi ya kukua kabla hayajatufikia. Chombo kinachofunguka ubavu saa hizo hakina mahali pa kukimbilia. Hivyo kujua kusoma ufa si elimu ya mafundi tu. Ni elimu ya kila mtu anayemweka mtoto wake katika chombo.

Vyombo viwili pwani

Kijijini kwetu akina mama kumi na wanne wanafanya biashara ya ndagala. Wanazinunua kwa wavuvi asubuhi, wanazianika mchangani, kisha wanapeleka magunia sokoni kwa njia ya ziwa. Miaka mingi walilipa nauli kwa wenye vyombo, gunia kwa gunia, na nauli ilikula faida yote. Basi wakaanza likelemba, na kila siku ya soko kila mmoja alitoa kidogo kwa ajili ya akiba ya chombo. Baada ya miaka mitatu walikuwa na fedha za kutosha kununua chombo kilichotumika, si kipya. Kati yao wako wajane watano. Fedha zile hazikuwa za kujaribia bahati.

Wakatuita tuwasindikize, kwa kuwa sisi ndio tunaowaandikia barua na hesabu zao. Nasi tukamwomba mzee mmoja, fundi aliyejenga vyombo tangu ujana wake, aje pamoja nasi. Pwani tulikuta vyombo viwili vya kuuzwa, kila kimoja na mwenyewe.

Cha kwanza kilikuwa kimepakwa rangi ya buluu toka omo mpaka tezi, kinang'aa kama sahani. Cha pili kilikuwa kimekaa nchi kavu miezi mingi. Rangi yake ilikuwa imebabuka, mbao zimekuwa za kijivu, na kati ya ubao na ubao uliweza kuona mwanga. Juu ya mbao zenyewe kulikuwa na nyufa ndogo ndogo zisizohesabika, kama shamba la mpunga baada ya maji kukauka.

Mama mkubwa wa kundi akakitazama, akageuza uso, akasema: «Mzee, hiki cha pili ni kuni.»

Mzee akacheka, akamjibu: «Kuni nzuri hutoka katika mti mzuri, mama. Ngoja kwanza nizisikilize.» Kisha akatugeukia sisi: «Mwalimu, usiulize ufa una urefu gani. Uliza nani aliyeuzaa. Kila ufa una baba yake. Baba akiwa amekwisha kufa, ufa ni yatima, hauongezeki tena. Baba akiwa hai, ufa utaendelea kukua hata ukiupaka rangi mara kumi.»

Neno hili ndilo tunalotaka kulieleza hapa, kwa maana tangu siku ile hatujapata kipimo kilicho bora kuliko hicho.

Nyufa za jua

Baba wa kwanza ni jua. Mti hunywa maji ukavimba, tena hukauka ukanywea. Ubao uliopigwa na jua unakauka ngozi yake upesi kuliko moyo wake. Ngozi inataka kunywea, moyo unakataa, basi ngozi inapasuka. Nyufa za namna hii ni nyembamba na fupi. Zinafuata nyuzi za mti. Ziko nyingi pamoja, hasa upande ule uliotazama jua. Ukiingiza ncha ya kisu inashuka kidogo tu, kisha inakutana na mti mgumu. Tena ukiingia ndani ya chombo na kutazama mahali pale pale, huoni kitu.

Ndugu ya nyufa hizi ni nafasi zinazofunguka kati ya ubao na ubao. Chombo kinapokaa mchangani kiangazi chote, kila ubao unanywea kidogo, na viungo vinaachana. Jambo hili linaonekana sana wakati vyombo vinaposimama. Mwaka 2024, kwa mfano, Tanzania ilifunga uvuvi upande wake wa ziwa kwa miezi mitatu, toka tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana. Miezi ile ni ya kiangazi. Chombo kinachopandishwa nchi kavu kwa muda kama huo hushuka kikiwa kimefunguka viungo, ijapokuwa hakina ugonjwa wowote. Kikirudishwa majini mbao zinakunywa, zinavimba, viungo vinajifunga vyenyewe katika siku chache. Siku ya kwanza kitajaa maji, na asiyejua atasema kimekufa. Anayejua atangoja.

Hapa mzee alitupa onyo ambalo hatukulitegemea. Alisema kwamba watu wengi wanaharibu chombo kizima kwa haraka ya kukitengeneza. Wanaona nafasi zimefunguka, wanajaza saruji au mastiki ngumu hali mti ungali mkavu. Chombo kikishuka majini, mti unataka kuvimba na haupati nafasi. Basi unasukuma, unang'oa misumari, hata taruma linaweza kuvunjika. (Mataruma ni zile mbavu za ndani zinazoshika mbao.) Ufa wa ngozi umegeuzwa kuwa ufa wa mfupa, na aliyeugeuza ni mwenye chombo. Fundi mwenye akili hukiloweka chombo kwanza. Kisha anatazama ni wapi panapovuja bado, na hapo tu anapiga kalafati, yaani anaziba kiungo kwa pamba iliyolowa mafuta. Pamba inakubali kubanwa, saruji haikubali.

Methali yatuambia: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli kabisa kwa nyumba ya udongo. Lakini kwa chombo kikavu, mara nyingine anayeziba kabla ya wakati ndiye atakayejenga ukuta.

Nyufa za mfupa

Baba wengine ni hai, nao wanafanya kazi kila siku. Hawa ni mzigo, wimbi, mota, kutu na uozo. Mzee alituonyesha dalili zao tano, nasi tuliziandika zote.

Kwanza, ufa unaokata nyuzi. Mti unapopasuka wenyewe hufuata nyuzi zake; haujikati wenyewe. Ukiona ufa unaovuka nyuzi, ujue kwamba iko nguvu iliyouvunja ubao: jiwe, gati, mzigo au wimbi. Hata ukiwa mfupi kama kidole, usiupite.

Pili, nyufa zilizopangwa mstari mmoja. Ufa mmoja katika ubao mmoja waweza kuwa wa ajali. Lakini ukiona ufa katika ubao wa juu, na mwingine chini yake, na wa tatu chini ya huo, zote katika mstari mmoja, ingia ndani ukatazame taruma la mahali pale. Mara nyingi limevunjika, na mbao zinapinda hapo kila wimbi linapopita.

Tatu, ufa unaotoka msumari mpaka msumari, wenye alama nyeusi au nyekundu kama machozi. Hapo kutu inakula msumari, na msumari unaharibu mti unaouzunguka. Ukiushika ubao na kuutikisa, utasikia kwamba haushikwi na kitu.

Nne, ufa ulio mahali pa kazi. Mahali hapo ni patatu: kando ya mkuku, ambao ndio uti wa mgongo wa chombo; katika kiungo cha omo, kinachopokea mawimbi; na katika ubao wa tezi unaofungiwa mota. Mota inasukuma na kutetemesha saa zote za safari. Ufa wa tezi una baba asiyelala.

Tano, ufa wenye unyevu na harufu. Ukiingiza kisu kinapita kama katika muhogo uliopikwa. Tukumbuke kwamba mti ulio chini ya maji daima huoza polepole, lakini ule unaolowa na kukauka huoza upesi, na zaidi zile pembe za omo na tezi ambamo maji ya mvua yanalala. Kwa hiyo usitazame chini peke yake. Tazama pia mahali mvua inapotua.

Baada ya maneno hayo mzee alikizunguka chombo cha kijivu. Nyufa zile mia na zaidi alizipitia kwa kidole, akiingiza kisu hapa na pale, bila kusema neno. Akafika karibu na tezi, upande wa kushoto, akapiga magoti. Akachukua kipande cha kaa la moto uliozimika, akachora duara. Ndani ya duara kulikuwa na ufa mdogo sana, unaokata nyuzi, katika mbao mbili zilizofuatana. Alipoingia ndani alikuta taruma moja limevunjika. Akina mama waliokuwa wakiogopa nyufa mia hawakuwa wameuona huo mmoja. Nasi pia, kama angetuacha peke yetu, macho yetu yangevutwa na zile nyingi.

Rangi mpya

Sasa twende kwenye chombo cha buluu. Waswahili husema: Kipya kinyemi ingawa kidonda. Chombo kile kilikuwa kinyemi kweli kweli, na akina mama kadhaa walikuwa wamekwisha kukipa jina.

Mzee alikipiga kwa mpini wa nyundo, polepole, ubao kwa ubao. Ubao mzima hujibu kwa sauti kavu. Ulioharibika hujibu kama mtu anayesema hali ana chakula kinywani. Upande mmoja wa tezi ulijibu hivyo. Kisha akavuta kamba kando ya mkuku toka omo mpaka tezi, akaikaza. Ikaonekana kwamba mkuku umeinuka katikati, na omo na tezi vimeshuka: mgongo wa chombo umepinda. Mwishowe akaomba kuinua mbao za kukanyagia, apate kuona chini yake. Mwenye chombo alisema hazifunguki. Mzee hakugombana naye. Aliketi juu ya mchanga, akawasha kiko chake, akangoja. Ilipita nusu saa, mwenyewe akaona haya, akaleta nyundo. Mbao zikainuliwa. Chini yake, juu ya mkuku wote, ilikuwa imemiminwa saruji yenye unene wa vidole vitatu.

Saruji ile ilizuia maji yasiingie upesi, ni kweli. Lakini pia ilifunika kila kitu. Maji kidogo yanapita kati ya saruji na mti, yanakaa humo, na mti unaoza gizani, wala hakuna jicho litakalouona mpaka siku saruji itakapoachana na ubao. Hatumhukumu mtu yule. Labda naye aliuziwa hivyo na mwingine. Lakini twashika sheria moja: kitu usichoruhusiwa kukitazama, usikilipie. Tena, rangi iliyopakwa wiki ya mauzo ni sababu ya kutazama mara mbili.

Vyombo vya fibra

Siku hizi viko pia vyombo visivyo vya mbao. Ni vya fibra, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ngumu. Wengi wanadhani kwamba fibra haipasuki. Inapasuka, lakini kwa desturi yake, na hapo pia sheria ya mzee inafaa.

Chombo cha fibra kina ngozi ya nje yenye rangi, ambayo kwa kawaida haifiki unene wa milimeta moja. Ngozi hii ni ngumu na inavunjika upesi kama gamba la yai. Haibebi mzigo. Anayebeba ni nyuzi zilizo chini yake. Kwa hiyo nyufa nyembamba kama utando wa buibui, zilizotawanyika ovyo juu ya ngozi, mara nyingi ni za uzee, za jua, au za kiwanda kilichopaka ngozi nene kupita kiasi. Hizo ni za kusikitisha macho. Bei ishuke kidogo, basi.

Ukitaka kuziona vizuri, sugua unga wa makaa au wino, kisha futa kwa kitambaa. Mistari yote itajitokeza, nawe utaona sura yake. Sura ndiyo inayosema. Nyufa zinazotoka mahali pamoja kama miali ya nyota zinaonyesha pigo: ingia ndani utazame nyuma yake kama nyuzi zimekuwa nyeupe au zimechanika. Nyufa zilizo sambamba, hasa mahali ubavu laini unapokutana na ukuta mgumu wa ndani, zinaonyesha kwamba chombo kinapinda hapo kila safari. Baba yake yu hai. Bonyeza kwa goti. Ikitikisika, ugonjwa uko chini ya ngozi.

Tazama pia pembe za tezi. Katika vyombo vingi vya fibra ubao wa tezi una mbao ndani yake, zimefunikwa pande zote. Maji yakiingia kwa ufa mdogo, mbao zinaoza hali nje panang'aa. Shika mota kwa chini, uisukume mbele na nyuma. Tezi ikifuata, acha. Vilevile, ukiona maji yanadondoka polepole kutoka katika ufa siku kadhaa baada ya chombo kupandishwa, ujue kwamba chombo kinakunywa.

Mwenyewe akikubali, kwaruza mahali padogo. Mstari ukiisha pamoja na ngozi, ulikuwa wa ngozi. Ukiendelea chini, ni wa mfupa. Na ufa uliozibwa ukarudi mahali pale pale usizibwe tena kabla ya kumtafuta anayeuzaa.

Maisha ya chombo

Ufa ni habari ya mambo yaliyopita, kwa hiyo haitoshi kutazama. Lazima kuuliza pia. Kilibeba nini? Kilifungiwa mota ya nguvu gani? Kilipiga jiwe lini? Nani alikitengeneza?

Swali la mzigo ni kubwa kuliko yote. Tarehe 3 Oktoba 2024, katika ziwa Kivu, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, mjini Goma, watu wakiiona toka pwani. Watu wengi walikufa, na serikali ilisema kwamba ilikuwa imebeba kupita kiasi. Hatusemi kwamba boti ile ilikuwa na ufa. Twasema hivi: mzigo uliozidi unaweza kuua mara mbili. Unaua siku ile ile. Na kama chombo kikipona siku ile, unakiachia mataruma yaliyovunjika, kisha chombo kinapakwa rangi na kuuzwa kwa mtu asiyejua habari zake. Anayeuza ndagala anaweza kulipa deni la mzigo ambao hakuubeba yeye.

Lakini historia ya chombo haileti hofu tu. Iko meli ya ziwa letu inayojulikana kwa wote, Liemba. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, mjini Papenburg, kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande mpaka Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwezi wa Julai 1916, katika vita, Wajerumani waliizamisha wenyewe wasiiachie adui. Kabla ya kuizamisha walipaka mitambo yake mafuta mengi ya grisi. Waingereza waliiinua mwaka 1924. Aliyeitazama ikitoka katika tope angeweza kusema kwamba ni chuma cha kutupa. Lakini waliipima, wakaitengeneza, na mwaka 1927 ilianza tena kazi kwa jina la Liemba. Ikabeba watu na mizigo kwa miaka mingi sana baada ya hapo. Tope lilikuwa la ngozi. Mfupa ulikuwa mzima.

Bei na karatasi

Akina mama walichagua chombo cha kijivu. Si kwa sababu kilikuwa na nyufa, wala si kwa sababu bei yake ilikuwa ndogo, bali kwa sababu ubaya wake ulijulikana wote, nao ulikuwa na dawa. Mzee alihesabu pale pale: mbao mbili, taruma moja, misumari, pamba, mafuta, na mshahara wa fundi. Jumla ile ikaondolewa katika bei. Mwenye chombo alikubali bila maneno mengi. Alikuwa mtu wa kweli: alisema mwenyewe kwamba alipiga jiwe mwaka uliotangulia, akitia nanga usiku.

Tuliandika karatasi. Tuliandika jina la mwuzaji na majina ya akina mama wote kumi na wanne, tarehe, bei, na pia ufa wenyewe: mahali ulipo na kitu kilichovunjika. Wengine walishangaa kuona ufa ukiandikwa katika karatasi ya mauzo. Lakini ufa ulioandikwa hauleti magomvi. Ugomvi huletwa na ule ambao mmoja aliujua na mwingine hakuujua. Akina mama walitoa sehemu ya fedha, na sehemu iliyobaki ikawekwa mikononi mwa mzee, mpaka mbao zile zibadilishwe na chombo kikae siku nne majini.

Kazi ya fundi ilipokwisha, chombo kikashushwa. Siku ya kwanza kilijaa maji mpaka nusu, na mama mkubwa hakulala. Siku ya pili maji yalipungua. Siku ya tatu mtoto mmoja aliyamaliza kwa kopo kabla ya chai. Siku ya nne kulikuwa na unyevu tu kando ya mkuku. Mzee akapiga kalafati mahali pawili. Kisha wakapakia magunia ya mchanga, uzito wa ndagala zao na si zaidi, wakavuta makasia mbele ya kijiji, karibu na pwani, asubuhi nzima. Ndipo fedha zilizobaki zikatolewa. Nyufa za jua ziko mpaka leo juu ya mbao zile. Hakuna anayezitazama tena.

Basi, mkienda kununua chombo, chukueni vitu vichache: kisu chembamba, nyundo ndogo, kamba ndefu, kipande cha kaa, na kitambaa. Mchukueni pia mtu mmoja asiye na faida yoyote katika mauzo. Tazameni nje, kisha mtazame ndani mahali pale pale. Pigeni, msikilize. Ulizeni kila ufa ni wa nani. Msilipe fedha zote siku ya kwanza, na msinunue chombo kikavu bila kukiona majini.

Nanyi mnaouza, twawaomba neno moja tu. Msifunike ufa kwa rangi siku mbili kabla ya mnunuzi kufika. Mwonyesheni, mshushe bei kwa haki, mpokee fedha zenu kwa moyo mweupe. Mtu huyo hanunui mbao tu. Kesho kutwa atawaketisha ndani yake mama yake na watoto wake, na kuwapeleka mahali penye kina.